Anayesubiri flashi au streti: umtoze theluthi ya poti, nusu, poti nzima au mzigo wote?

Meza ni ya Texas Hold'em isiyo na ukomo wa dau. Flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ilikuwa K♠ 8♠ 3♦, na karata ya nne imefunguka 2♣. Mkononi una A♦ K♥. Mpinzani mmoja alilipa dau lako la flopu bila kupandisha, na dalili zote zinaonyesha ana shupaza mbili, tuseme Q♠ J♠, anangoja shupaza ya tano ili apate flashi, yaani karata tano za alama moja. Poti (chipu zilizowekwa katikati) ina 1,000 na imefika zamu yako.

Mezani utasikia ushauri wa aina mbili. Wengine watakwambia uweke kubwa umfukuze, wengine uweke kidogo ili akipata usiumie. Wote wawili wanatazama hofu yako, hakuna anayetazama bei. Mkono unaosubiri ni mteja: kuna bei ambayo akinunua amepata, na kuna bei ambayo akinunua umepata wewe. Kazi ya dau ni kupanga bei hiyo.

Tuanze na nafasi yake. Shupaza ziko 13. Mbili ziko mezani, mbili mkononi mwake, zimebaki 9. Yeye ameona karata sita, hajaziona 46. Tisa kati ya 46 ni asilimia 19.6, karibu moja kati ya tano. Hapa chini tunatumia hiyo moja kati ya tano, maana ni hesabu unayoweza kuifanya kichwani huku mgawaji wa karata anakusubiri.

| Dau (poti ya 1,000) | Nafasi anayohitaji ili kulipa kumfae | Wastani wako akilipa | Cha ziada anachopaswa kukuvuna flashi ikija |
|---|---|---|---|
| 0 (kugonga meza, yaani kupitisha bila dau) | – | 800 | – |
| 100 | 8.3% | 860 | hahitaji kitu |
| 250 | 16.7% | 950 | hahitaji kitu |
| 333 | 20% | 1,000 | 0 |
| 500 | 25% | 1,100 | 500, robo ya poti mpya |
| 667 | 28.6% | 1,200 | 1,000, zaidi kidogo ya asilimia 40 ya poti mpya |
| 1,000 | 33.3% | 1,400 | 2,000, theluthi mbili ya poti mpya |
| 1,500 | 37.5% | 1,700 | 3,500, karibu poti mpya yote |
| 2,000 | 40% | 2,000 | 5,000, poti mpya nzima |

Safu ya pili inapatikana hivi: gawanya anacholipa kwa poti itakavyokuwa akishalipa. Dau la 500 linafanya poti iwe 2,000, na 500 kwa 2,000 ni robo. Safu ya tatu inachukulia kwamba shupaza isipokuja unachukua poti bila dau jingine, na ikija, naye akaweka dau, unatupa karata. Safu ya nne tutairudia, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi.

Mstari wa 1,000

Akitupa karata sasa hivi, unachukua 1,000. Basi pima kila dau kwa hiyo 1,000. Dau ambalo akililipa linakuacha na chini ya hapo, amefanya vyema kulipa. Linalokuacha na zaidi ya hapo, amekosea, na kosa lake limekuwa chipu zako. Mpaka uko kwenye theluthi ya poti. Chini ya theluthi unamuuzia kwa hasara, na juu yake kila chipu anayoongeza inakupa faida ya asilimia 60.

Ndiyo maana "mfukuze" ni ushauri mbovu. Anayeweka poti nzima kisha akaomba mpinzani atupe anaomba apunguziwe: akilipwa wastani wake ni 1,400, akitupiwa ni 1,000. Unachotafuta ni dau kubwa kuliko yote ambalo mtu huyu bado atalilipa.

Je, ukipandisha bei akaanza kutupa mara nyingi zaidi? Nusu poti inayolipwa kila mara inakupa 1,100. Poti nzima inayolipwa mara moja tu kati ya nne nayo inakupa 1,100. Kwa hiyo dhidi ya shupaza mbili tupu, poti nzima inaishinda nusu poti iwapo analipa hata mara moja kati ya tatu. Dhidi ya theluthi mbili inayolipwa kila mara, poti nzima inahitaji kulipwa nusu ya mara ili zilingane. Kwenye meza za dau dogo, mtu mwenye shupaza nne na karata moja mbele yake hatupi kirahisi, na mara nyingi hata haangalii umeweka ngapi.

Kwa nini basi si poti nzima kila mara

Kwa sababu karata zake huzioni. Huyo uliyemdhania ana shupaza anaweza kuwa na K♣ 9♣, ambayo inaokolewa na tisa tatu tu, asilimia 7 hivi. Huyo ndiye mlipaji mzuri kuliko wote, na ndiye anayetishwa na dau kubwa. Akilipa 500, wastani wako ni 1,360. Akilipa 667, ni kama 1,500. Akitupa kwa sababu umeweka 1,000, umepata 1,000 tu.

Tuseme nusu ya mara ana shupaza na nusu ya mara ana huyo mfalme dhaifu. Ukiweka 500 na wote wawili wakalipa, wastani ni 1,230. Ukiweka 1,000, shupaza zikalipa na mfalme akatupa, ni 1,200. Ukiweka 667 na wote wakalipa, ni 1,350. Hapo ndipo theluthi mbili inapopata heshima yake. Shupaza wanalipa ghali kuliko haki yao, na mikono dhaifu bado inajiona inaweza kuvumilia. Ila ukiwa na mpinzani ambaye hawezi kumtupa mfalme kwa bei yoyote, wako wengi, poti nzima inapanda mpaka karibu 1,600 na mjadala umekwisha.

Kwa hiyo, kwa mtu usiyemjua, kaa kati ya theluthi mbili na robo tatu. Ukishaona amelipa poti nzima akiwa na jozi ya kati, panda. Ukiona anatupa kila dau linalozidi nusu, shuka mpaka nusu na umwache aendelee kukosea polepole.

Theluthi na chini yake

Theluthi ina mahali pake: meza kavu kama K♦ 7♣ 2♥, ambako hakuna flashi wala streti (karata tano zinazofuatana) ya kusubiri, na unatafuta malipo ya jozi ndogo. Meza yenye shupaza mbili na mfuatano, kama J♠ 10♠ 8♦, haimo humo.

Dau la kuona haya, 100 kwenye poti ya 1,000, ni baya kuliko linavyoonekana. Analipa 100 kushindania 1,100, anahitaji asilimia 8.3. Mwenye streti ya tundu, yaani anayesubiri namba moja tu ya katikati, ana karata nne kati ya 46, asilimia 8.7. Umempa bei halali hata yeye, ambaye kwa nusu poti angekuwa anachoma chipu. Kwa theluthi kamili, shupaza tisa zinafika sare tu, na sare hiyo inageuka faida yake mara unapomlipa chochote kwenye karata ya mwisho.

Ada ya nyumba inasogeza mpaka kidogo. Kasino ikikata asilimia 5, poti ya 1,667 inabaki kama 1,583, na anayelipa 333 anahitaji asilimia 21 badala ya 20. Inamuumiza anayesubiri, lakini inakuumiza na wewe unaposhinda, hivyo usiitumie kama sababu ya kuweka kidogo.

Safu ya nne: chipu anazovuna flashi ikija

Poti nzima kwenye karata ya nne inaonekana bei kali: anahitaji asilimia 33, ana 20. Lakini kama kuna chipu nyingi nyuma, halipii poti ya sasa peke yake. Analipia na haki ya kukukamua kwenye karata ya tano.

Shika mfano huu. Umeweka 1,000, amelipa, poti sasa ni 3,000. Inakuja 6♠. Anaweka 2,000, nawe unalipa kwa sababu "nina ree (A) na mfalme (K), siwezi kutupa." Ukifanya hivyo kila mara, umerudi kwenye 1,000, kana kwamba alitupa kwenye karata ya nne. Ukilipa 3,000 kila mara, umerudi kwenye 800, sawasawa na mtu aliyegonga meza bila kuweka kitu. Faida yote ya dau lako la ujasiri imelika kwenye karata ya mwisho.

Angalia vilevile kwamba kadiri dau lako la karata ya nne linavyokuwa dogo, ndivyo anavyohitaji kukuvuna kidogo baadaye. Nusu poti inamtosha robo ya poti mpya, malipo ambayo karibu kila mtu huyatoa kwa udadisi tu. Poti nzima inamlazimisha avune theluthi mbili ya poti kila flashi inapokuja, na mara mbili ya poti inamlazimisha avune poti nzima. Dau kubwa hukukinga hata na udhaifu wako mwenyewe. Anayejijua kuwa hawezi kutupa ree na mfalme shupaza ya tatu inapofunguka ana sababu ya ziada ya kutoza ghali mapema.

Flashi ina aibu moja nzuri kwako: inaonekana. Shupaza tatu zikiwa mezani kila mtu anaziona, na malipo yanakauka. Streti ya tundu haionekani. Meza ya K♠ 8♠ 3♦ 2♣ ikiletewa 5♥, nani anamwogopa mwenye A♣ 4♣? Kwa hesabu za moja kwa moja, streti ya tundu ikilipa nusu poti inahitaji kuvuna kama 3,750 zaidi kwenye poti ya mwanzo ya 1,000, na kwa mzigo mkubwa (chipu mlizobakiwa nazo) na mkono uliojificha vizuri, zinapatikana. Ukicheza na chipu nyingi, ogopa anayelipa bila maelezo kwenye meza isiyo na flashi kuliko anayengoja shupaza waziwazi.

Kuzidi poti, na kuweka zote

Mahali pazuri kuliko pote dhidi ya mkono unaosubiri ni pale mzigo uliobaki unapolingana na poti au kuizidi kidogo, na karata moja tu imebaki. Poti 1,000, mmebaki na 1,300 kila mmoja. Weka zote. Anahitaji asilimia 36, ana 20, na hakuna chipu iliyobaki nyuma ya kuvuna. Safu ya nne imefutwa.

Hali hiyo hupangwa kwenye flopu. Tuseme flopu imekuta poti ya 600 na mizigo ya 2,000. Ukiweka 200 ukalipwa, karata ya nne inakuta poti ya 1,000 na mizigo ya 1,800, na kuweka zote kunaanza kuonekana kwa ajabu. Ukiweka 400, poti ni 1,400 na mizigo ni 1,600, na kuweka zote ni dau la kawaida tu. Tofauti ya chipu 200 kwenye flopu ndiyo inayoamua kama karata ya nne itakuwa rahisi au ngumu.

Kuna faida ya pili. Mkono unaosubiri hupenda kukupandishia ili utupe. Ukiweka theluthi kwenye mzigo mkubwa, anaweza kukurudishia mara tatu na ukabaki unajikuna kichwa. Ukiweka 1,000 kwenye poti ya 1,000 na nyuma umebakiza 1,300, akiweka zote unalipa 1,300 kushindania 4,300. Unahitaji asilimia 23 tu, hutupi, naye analijua hilo.

Kwenye mizigo mikubwa, dau la mara moja na nusu au mara mbili ya poti linafaa ukiwa na mkono wenye nguvu kweli, mbili-mbili (jozi mbili) au tatu za namna moja. Kwa jozi moja linaleta shida: wanaokulipa ni wanaosubiri pamoja na waliokushinda tayari, na huna njia ya kuwatenganisha. Ukiwa na tatu za namna moja una bima pia, kwa kuwa karata moja au mbili kati ya zile shupaza tisa kwa kawaida hukamilisha fulu hausi yako (tatu za namna moja pamoja na jozi) huku akidhani ameshinda.

Flopu na karata ya nne si soko moja

Hapa ndipo wanaokariri hesabu bila kuzielewa huumia. Kwenye flopu, mwenye karata tisa za kumwokoa ana asilimia 19 kwa karata inayofuata, lakini asilimia 35 kwa karata zote mbili. Ipi itumike? Inategemea kama atalipishwa tena.

Ukiweka zote kwenye flopu, dau la kiasi cha poti, anahitaji asilimia 33.3. Ana 35. Umempa bei halali, na umejiona jasiri. Ukiweka theluthi mbili kwenye flopu kisha poti nzima kwenye karata ya nne, analipia kila karata peke yake, na mara zote mbili analipa ghali. Mzigo uleule ukigawanywa mara mbili unamgharimu zaidi. Ndiyo sababu tunasema dau la kufa na kupona liwekwe karata ya nne, si flopu.

Namba za kushika:

| Anachosubiri | Karata | Karata moja (ya tano) | Zote mbili kutoka flopu |
|---|---|---|---|
| Streti ya tundu | 4 | 8.7% | 16.5% |
| Streti ya pande mbili | 8 | 17.4% | 31.5% |
| Flashi | 9 | 19.6% | 35.0% |
| Flashi na streti ya tundu | 12 | 26.1% | 45.0% |
| Flashi na streti ya pande mbili | 15 | 32.6% | 54.1% |

Ukisahau jedwali, zidisha idadi ya karata kwa mbili kwa karata moja, kwa nne kwa karata mbili. Zikizidi nane, kanuni ya nne inatia chumvi: 15 mara nne ni 60, na ukweli ni 54.

Mstari wa mwisho una mkakati wake. Mwenye karata 15 kwenye flopu anaipita jozi yako. Ndiye mbele, si wewe. Kumwekea zote hapo ni kumpa anachokitaka. Kwa jozi moja kwenye meza kama hiyo, weka dau la wastani kwenye flopu, subiri karata ya nne isiyomsaidia, kisha piga. Kutoka asilimia 54 ameshuka mpaka 33 kwa karata moja tu. Lakini poti nzima inamwacha karibu sare, kwa kuwa anahitaji 33.3 na ana 32.6, hivyo dhidi yake ndipo mara moja na nusu ya poti inapostahili. Ukiwa na tatu za namna moja usisubiri chochote: bado uko mbele hata yake, chipu ziingie flopu.

Mkiwa zaidi ya wawili

Kila anayelipa anampunguzia bei anayefuata. Poti 1,000, unaweka 500, wa kwanza analipa. Wa pili sasa analipa 500 kwenye poti itakayokuwa 2,500: asilimia 20. Nusu poti iliyokuwa ghali kwa wa kwanza imekuwa haki kwa wa pili. Dhidi ya watu wawili au watatu, anzia robo tatu, na poti nzima haina aibu.

Faraja yako ni kwamba wawili wanaosubiri shupaza wanaibiana. Kila mmoja ameshika mbili ambazo mwenzake anazihesabu, hivyo zimebaki saba badala ya tisa, na wote wawili wanalipa kana kwamba ni tisa. Bahati mbaya, mara nyingi mmoja anasubiri flashi na mwingine streti, na hapo karata zinazokuumiza zinajumlishwa.

Kugonga meza kunafaa lini

Ukiwa na jozi ya juu na ree, karibu kamwe. Jedwali linasema 800 dhidi ya 1,000 au zaidi.

Kuna hali mbili zinazobadilisha hilo. Ya kwanza, unacheza kabla yake na yeye ni mtu anayeweka dau kila anapoona umepoa. Mwache aweke mwenyewe kisha umpandishie, na atakuwa ameingiza chipu kwa bei aliyojipangia halafu akatozwa tena. Akigonga naye, umempa karata ya bure, hivyo usifanye hivyo kwa mtu mtulivu. Ya pili, mkono wako ni wa kati, jozi ya nane kwa mfano. Ukiweka dau ukapandishiwa itabidi utupe mkono ambao huenda ulikuwa mbele. Hapo kugonga na kulipa dau moja dogo ni bora kuliko kujitia kwenye kona.

Kama umeshika ree ya shupaza, mambo yanalegea kidogo. Karata zake za kumwokoa zimeshuka mpaka nane, na jozi za shupaza anazoweza kuwa nazo kwenye flopu zimetoka 55 mpaka 45. Bado weka dau, ila theluthi mbili inatosha.

Karata ya tano

Isipokuja shupaza, mkono wake haufai kitu na hatalipa chochote. Kuweka dau hapa "kujikinga" hakuna maana kwa upande wake, kwa sababu hakuna karata nyingine inayokuja. Dau la mwisho linalenga mfalme dhaifu na jozi za kati, na kiasi chake kipangwe kwa hao. Dhidi ya mtu anayependa kutishia akikosa, ukiwa unacheza kwanza, gonga na umwachie kamba.

Ikija shupaza naye akaweka poti nzima, unahitaji kuwa mshindi mara moja kati ya tatu ili kulipa kukufae. Akiweka nusu, mara moja kati ya nne. Kwenye meza za dau dogo watu hawatishii mara nyingi kiasi hicho shupaza ya tatu inapofunguka, hasa wale waliokuwa wakilipa kimya tangu flopu. Tupa. Mtu mwenye ujuzi anayecheza kwa kasi ni habari nyingine, na dhidi yake bakiza mikono yenye ree ya shupaza kwa ajili ya kulipa, maana inamnyima flashi kubwa kuliko zote.

Ukicheza aina nyingine

Kwenye Hold'em ya dau lililowekewa kiwango, silaha ya bei hunayo. Karata ya nne inakuta poti ya madau sita makubwa, unaweka moja, naye analipa moja kushindania saba wakati anahitaji kupata kama nne tu kwa moja. Atalipa na atakuwa sahihi. Weka dau hata hivyo, kwa kuwa mara nne kati ya tano chipu ile ni yako, lakini kama kuna watu kati yenu, gonga umwache aliye nyuma aweke kisha upandishe, ili wa katikati wakutane na madau mawili kwa mpigo badala ya moja.

Kwenye Omaha ya karata nne, kwa kawaida dau haliwezi kuzidi poti, na kuna mikono inayosubiri streti kwa karata 13, 17 hata 20. Mwenye 20 kwenye flopu yuko mbele ya jozi na hata ya mbili-mbili kubwa, na poti nzima haimtishi hata kidogo. Ukiwa na tatu za namna moja, weka poti flopu bila kuchelewa. Ukiwa na mbili-mbili tupu kwenye 9♠ 8♠ 7♦, usijenge poti. Gonga, tazama karata ya nne, na ukiona 2♥ ndipo uweke poti nzima.